Mfupa wa Kiboko

Nimerudi Ifakara na diploma ya ualimu, na Kiingereza hakuna anayenizidi hapa. Leo nimefungua kabati la shule niliyosoma, ikanijia harufu ya tope la mtoni.

Zamani aliyekosea Kiingereza alivikwa shingoni mfupa wa kiboko uliofungwa kamba, hadi mwingine akosee. Aliyebaki nao jioni aliteka maji ya walimu mtoni, penye mamba. Siku moja niliuvaa mimi. Mwalimu akamuuliza jirani yangu wa dawati: kitenzi kinachofuata nomino “decision” kianze na “to” au kiishie na “ing”?

“Si wewe ndiye kichwa? Ninong'oneze basi!”

“Ing,” nikamwambia. Jibu sahihi, “to”, nilikuwa nalijua.

Akavikwa. Jioni hakurudi, wala mfupa haukuonekana tena.

Sasa umo humu kabatini, na kamba yake inachuruzika maji.