Kilo mia za shamba la juu

Saa kumi na moja alfajiri, baridi bado inauma vidole, na Tsonka Ganeva anachuma mawaridi bila kuyatazama. Kidole gumba chini ya ua, cha shahada juu, anapinda, linakatika. Ua linaingia kwenye aproni yenye mfuko mkubwa tumboni, na mkono wa pili tayari uko kwenye ua jingine.

"Usilivute, mwanangu, lipinde," anamwambia mwandishi wa makala haya, ambaye vidole vyake vinatoka damu. "Ukilivuta linaondoka na ngozi yako."

Hii ni siku ya tatu ya mwandishi hapa Gorni Leski, kijiji kilichojibanza chini ya mlima, upande wa mji wa Karlovo. Siku mbili za kwanza alipewa kiti, mkate na jibini nyeupe. Leo amepewa aproni. Mgeni siku mbili.

Tsonka ana umri wa miaka sitini na tatu. Alishona mashati kiwandani miaka kumi na tisa mpaka kiwanda kikafungwa, na tangu hapo ni mawaridi tu. Ana ekari mbili, zilizorudishwa kwa marehemu mama yake serikali ilipoachia ardhi ya ushirika. Mama ndiye aliyepanda vichaka hivi, miaka ishirini na minane iliyopita, wakati huo akiwa mzee kuliko Tsonka wa leo.

Nyuma ya sikio lake kuna waridi moja, la kwanza kuchumwa asubuhi hii. Kila mchumaji analo. Ukiuliza kwa nini, wanakutazama kama umeuliza kwa nini watu huvaa viatu.

"Tsonka ameongea na mawaridi kuliko alivyowahi kuongea na marehemu mumewe," anasema Fanka, kiongozi wa wachumaji, kutoka safu ya pili.

"Mawaridi yananijibu," anasema Tsonka.

Wachumaji wanacheka. Ila msimu huu hakuna anayecheka kwa muda mrefu, maana kila mtu hapa anajua kwamba nusu ya shamba hili imekuwa kwenye hatari ya kung'olewa.

Shamba lenyewe ni vipande viwili. Kipande cha chini kiko tambarare, karibu na mfereji. Udongo wake ni mzito na mweusi, maji yapo, na mawaridi yake ni makubwa, ya kujaza kiganja. Kipande cha juu kimekaa mteremkoni kwenye mchanga na kokoto. Bega la mlima linakikinga na jua, ambalo hukawia kufika kwa saa nzima na zaidi. Maua ya huko ni madogo, na safu zina mapengo kama mdomo wa mzee.

Mwenye shaka na kipande hicho ni Dobri, mdogo wake Tsonka, dereva wa malori aliyestaafu, mwenye nusu ya urithi. Dobri si mtu mbaya. Ni mtu wa hesabu za barabarani: gari lisilopanda mlima linabadilishwa.

"Mwaka jana kilo ya maua tuliuza leva tatu na nusu," anasema. "Mchumaji peke yake anachukua moja na nusu. Toa mbolea, toa mafuta ya trekta. Dada alibaki na leva elfu mbili na mia tisa za mwaka mzima. Lavenda nayo inatoa mafuta, ila haichumwi na mtu, inakatwa na mashine, na inapenda kokoto. Mimi nifanye nini, nilie?"

Na joto nalo limemuunga mkono. Waridi la mafuta linataka Mei yenye ubaridi, umande mwingi, mvua nyepesi na jua lisilo na haraka. Hapo linafunguka kidogo kidogo kwa wiki nne, na mafuta yanatulia ndani ya petali. Mei ya mwaka huu ilikuja na upepo mkavu kutoka kusini. Machipukizi yaliyotakiwa kufunguka kwa zamu yakafunguka kwa pamoja, na ua lililoachwa mpaka saa nne lilikuwa limeshapumua mafuta yake yote hewani.

Kila Pasaka Tsonka huzika yai jekundu pembeni mwa shamba ili mvua ya mawe ipite mbali. Alifanya hivyo mwaka huu pia.

"Mvua ya mawe nimeiwekea yai," anasema. "Joto niliwekee nini?"

Mwanzoni mwa msimu dada na kaka walikaa mezani wakakubaliana. Kilo mia za shamba la chini na kilo mia za shamba la juu zichumwe siku moja, kila fungu lichemshwe peke yake. Shamba la juu likitoa mafuta pungufu, Dobri analeta greda na miche ya lavenda, na Tsonka hasemi neno. Likitoa zaidi, Dobri ndiye atakayefunga mdomo. Greda alikuwa ameshaliwekea miadi ya mwezi wa kumi.

Msuluhishi wao alikuwa Kancho, fundi wa mitungi ya shaba ya kuchemshia maua, mwenye kiwanda kidogo kando ya barabara kuu. Kwa Kancho kuna mitungi mikubwa ya kibiashara, na kuna mmoja mdogo wa majaribio, unaomeza kilo mia tu. Maua yanachemshwa, mvuke unapozwa, maji yanachemshwa tena, na asubuhi mafuta yanaelea juu ya shingo ya chupa, manjano yenye ukijani, machache kiasi cha kutia aibu.

Siku ya mashindano Dobri alisimamia shamba la chini, Tsonka la juu. Maua ya chini ni makubwa, kwa hiyo magunia ya Dobri yalijaa upesi. Kamba zake hakuziona. Alizitafuta kwenye trekta, akazitafuta mifukoni, akatukana kidogo, akaacha magunia wazi chini ya mti wa jozi.

Tsonka alifanya kama alivyofundishwa. Mama yake alimwambia harufu ni mwizi, inatokea mdomoni mwa gunia. Kwa hiyo alishindilia mawaridi kwa goti, akafunga kila gunia mara mbili, akayapanga kwenye tela moja baada ya jingine, kwa upendo wa mtu anayemfunika mtoto blanketi. Mpaka wanaondoka ilikuwa saa nne, joto nyuzi thelathini na mbili.

Kiwandani Kancho alifungua gunia la kwanza la shamba la juu, akarudisha uso nyuma. Kisha akasema, "Shangazi, weka mkono hapa."

Tsonka aliingiza mkono mpaka kiwiko. Ndani kulikuwa na moto kama wa unga uliokandwa ukaachwa uumuke karibu na jiko. Harufu iliyotoka haikuwa ya waridi, ilikuwa ya nyasi zilizolala na unyevu. Mawaridi yaliyobanwa hujipasha yenyewe, na yakishapata homa mafuta hayarudi.

"Umeyapika," alisema Kancho kwa sauti ya chini, Dobri asisikie.

"Najua. Yamwage mtungini."

"Tunaweza kuahirisha."

"Tulikubaliana leo, Kancho. Yamwage."

Asubuhi iliyofuata mizani ndogo ilisema: shamba la chini gramu ishirini na nne, shamba la juu ishirini na mbili.

Tsonka hakulia mbele yao. Alilia nyumbani, anakiri mwenyewe, akiwa anakaanga pilipili, ili akiulizwa aseme ni moshi. "Uchungu wangu haukuwa greda," anasema. "Uchungu ni kwamba niliyafanya mwenyewe. Kwa mikono hii. Ningekuwa mvivu kama Dobri ningeshinda."

Mazoea yana taabu. Wakati wa mama yake, magunia yalifungwa alfajiri zenye ukungu na kufika mtungini kabla hata mvuke wa pumzi haujakauka kwenye ndevu za punda. Sheria ya mama ilikuwa sahihi kwa Mei ya mama.

Mwandishi alimuuliza Dobri ilikuwaje baada ya hapo. Dobri alijikuna shingo. Alisema alimwona dada yake akirudi kutoka kiwandani kwa miguu, anakataa lifti, akajua kuna jambo. Alikwenda kumbana Kancho, na Kancho akamweleza.

Jioni hiyo Dobri aligonga mlango wa dada yake akiwa na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda.

"Sichukui ushindi huu," alimwambia.

"Umeshinda, mdogo wangu. Kaa ule."

"Dada, nisikilize. Siwezi kuwaambia watu nilishinda kwa sababu nilipoteza kamba."

Tsonka anasema alicheka mpaka akashika ubavu, na ndipo akalia kweli, mbele yake, bila pilipili.

Wakakubaliana jaribio moja la mwisho. Mawaridi ya chini yalikuwa yameshamalizwa na upepo wa kusini, kwa hiyo gramu zake ishirini na nne zilibaki ndiyo kipimo. Shamba la juu, kwa ule ubaridi wake, lilikuwa bado na machipukizi. Ila yalikuwa yanahesabika.

Asubuhi ya leo ndiyo hiyo. Ndiyo maana wachumaji wote wamepangwa mteremkoni, Fanka na wenzake kumi, na mwandishi asiye na msaada mkubwa. Magunia yamelegezwa, yamejazwa nusu tu, midomo wazi, chini ya kivuli. Kila baada ya nusu saa Dobri anayashusha kwenye gari lake kwa mafungu madogo madogo, anaendesha polepole kama amebeba mayai.

Saa mbili na dakika ishirini jua linachungulia juu ya bega la mlima. Tsonka ananyoosha mgongo.

"Basi," anasema. "Tumemaliza."

Dobri ndiyo kwanza amepima fungu la mwisho. "Jumla ni kilo themanini na moja, dada. Bado kumi na tisa. Safu mbili hizi hazijaguswa."

"Yameshaonwa na jua. Nikiyachanganya yatashusha mengine."

"Hata dakika kumi?"

"Hata moja."

"Kwa hiyo themanini na moja zishindane na mia?"

"Zishindane."

Dobri anamtazama Fanka kama anaomba msaada. Fanka anavua aproni yake na kuikung'uta. "Mimi siingilii ugomvi wa tumbo moja," anasema. "Mkate uko wapi?"

Wanakula mkate, jibini na maziwa mgando yaliyotiwa maji na chumvi. Tsonka hali. Anashuka na fungu la mwisho, gunia likiwa mapajani, mkono wake ndani yake njia nzima kama anayepima homa ya mjukuu. Kiwandani anausogeza mkono huo kwenye shavu la Kancho.

"Baridi," anasema Kancho.

"Baridi," anarudia Tsonka, na kwa mara ya kwanza leo anaomba mkate.

Kesho yake saa tatu asubuhi chupa iko mezani. Kancho anavuta mafuta kwa bomba jembamba, tone kwa tone, ulimi ukiwa umetoka pembeni ya mdomo. Dobri amekunja mikono. Amesimama upande wa dada yake wa meza, jambo ambalo huenda mwenyewe hajaligundua.

Mizani inatulia.

"Ishirini na tano," anasema Kancho.

Kilo themanini na moja za maua madogo, kutoka kwenye kokoto na mapengo, zimezishinda kilo mia za maua ya kujaza kiganja. Kwa gramu moja. Tsonka anaitazama ile namba kwa muda, kisha anafungua mkoba, anatoa miwani, anaitazama tena.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani," anasema Dobri, na anamkumbatia dada yake mpaka waridi la nyuma ya sikio linaanguka.

Ushindi, hata hivyo, hauyarudishii mawaridi ujana. Vichaka vya miaka ishirini na minane vimechoka, na Tsonka analijua hilo kuliko mtu yeyote. Mpango wake ni kukata shamba lote la juu mpaka usawa wa ardhi, vuli hii. Mwaka wa kwanza hakutakuwa na ua. Wa pili, machache. Wa tatu, Mungu akipenda, litajaa.

Na matawi yatakayokatwa hayatachomwa. Hapa waridi hupandwa kwa matawi mazima, yanayolazwa ndani ya mtaro na kufukiwa, mpaka yachipue. Tsonka anataka kuyalaza kwenye kiwanja cha shangazi yao, kilichobaki pori mita mia na hamsini juu zaidi, mahali ambapo mwezi wa tano bado una ukungu.

"Mama aliyapanda hapa kwa sababu wakati wake hapa palikuwa na baridi ya kutosha," anasema. "Joto likipanda, nami nitapanda nalo."

"Mpaka wapi?" anauliza Dobri. "Utakuwa na miaka sitini na sita yakichanua."

"Mlima haujaisha."

Dobri anatikisa kichwa, anatoka nje, anapiga simu. Kupitia dirisha tunamsikia akizungumza na mwenye greda, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini.

"Ndiyo, mwezi wa kumi, siku ileile," anasema. "Hapana, hung'oi kitu. Unakuja kuchimba mitaro. Huko juu. Juu zaidi. Dada atakuonyesha."