Kiota Katikati ya Mpunga

Nilipoolewa Rujewa nikitokea Tosamaganga, sikujua mpunga wala ndege wa mbugani. Kwetu ni mahindi na baridi. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kusimama kwenye tope la jaruba bila kuanguka, na kwa muda mrefu ndiye aliyekuwa rafiki yangu pekee, maana mume wangu alikuwa kazini Mbeya mjini na alikuja mara moja moja.

Kikundi cha kutunza mbuga nilijiunga nacho kwa kuona haya tu. Mwenyekiti wetu, nesi mstaafu aliyenizalisha mtoto wangu wa kwanza, alinikuta sokoni akaniambia wamepungukiwa watu wenye macho mazuri. Ningemkataliaje? Basi kila Jumamosi asubuhi tukawa tunatembea kandokando ya maji, wakulima, wafugaji wawili na fundi cherehani mmoja, tukihesabu korongo taji, wale ndege warefu wenye kishungi cha rangi ya dhahabu kichwani. Hakuna anayelipwa, kila mwanachama anakuja na maji yake na viazi vyake. Kazi kubwa ni kuzungumza na majirani wasikamate vifaranga na kuwauza, wala wasilime mpaka majini.

Mama mkwe alituita watu wasio na kazi.

Mwaka juzi, siku moja kabla ya kuvuna, nilikwenda kukagua jaruba letu la mwisho, lile ambalo maji huchelewa kukauka. Ndege mkubwa akainuka mbele yangu kwa kishindo, nikajikuta nimekaa kwenye tope. Pale alipotoka mpunga ulikuwa umelazwa duara, mpana kama ungo, na juu yake mayai matatu.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mama mkwe.

"Kombaini inakuja kesho," alisema.

"Najua, mama. Naomba tuache kile kipande tu."

"Mpunga ulioiva? Na kweleakwelea wakiushukia?"

"Kitakachobaki nitakivuna mwenyewe kwa mundu."

"Utavuna mwenyewe," alirudia, kisha akaendelea kuongea peke yake kwa Kisangu. Hiyo haikuwa dalili nzuri.

Jioni ile mwenyekiti alikuja kuona. Akainama mpaka sikio likakaribia mayai, bila kuyagusa, akaniita na mimi niiname. Ndani ya yai moja kulikuwa na mlio mwembamba, kama wa kifaranga aliyefungiwa chumba cha pili.

"Bado siku mbili hivi," alininong'oneza.

Dereva wa kombaini aliyekuja kesho yake alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Mbeya. Alinisikiliza akiwa juu kwenye kiti chake, injini inanguruma.

"Yaani dada, nizunguke kwa ajili ya mayai?"

"Ndiyo, kaka."

Alizima mashine, akashuka, akaenda kuangalia. Alikata matete manne, akayachomeka kukizunguka kile kipande, na juu ya moja akafunga kitambaa chake chekundu cha kujifutia jasho. "Nisije nikasahau," alisema. Akavuna pande zote, akatuachia kisiwa cha mpunga katikati ya mabua.

Lakini korongo walikuwa wamekimbia ile ngurumo. Mashine iliondoka, wao wakabaki mbali kwenye tuta, dume na jike, wakitutazama. Wanachama watano tulikuwa tumejipanga kando ya kiota kuzuia mbwa. Saa ikapita, ya pili ikapita. Niliwaza yale mayai yakipoa. Nikaanza kuwaza pia kwamba nimeitia familia hasara kwa ajili ya vitu vilivyokwisha kufa, na kwamba sitakuwa na uso wa kurudi nao nyumbani.

Ndipo nikamwona mama mkwe anakuja juu ya tuta, khanga kaifunga kiunoni.

"Mmesimama kama polisi," alisema. "Nani atarudi kwake na nyie mko mlangoni? Nendeni kule. Mkae chini. Wote."

Tulitii, mwenyekiti naye akiwemo. Mama mkwe akakaa karibu yangu. Kisha akaniambia kwamba alipokuwa msichana, ndege hawa walikuwa wakicheza ngoma mbugani, na watoto wakiwapigia makofi. Tangu azae kitinda mimba wake hajaona kifaranga hata mmoja.

"Nilidhani wameisha," alisema.

Jike alirudi kwa miguu, hatua moja, anasimama, hatua nyingine. Ndege huyo alipokalia kiota, mama mkwe alinishika mkono akaubana mpaka ukauma.

Siku ya tatu vifaranga wawili walimfuata mama yao kwenye matete. Yai la tatu halikuanguliwa. Mama mkwe alilifukia mwenyewe tutani. Kweleakwelea kweli walikula sehemu ya mpunga wetu. Uliobaki tuliukata kwa mundu, mimi na yeye, na hakunikumbusha lolote.

Siku hizi yule dereva hunipigia simu akikuta kiota popote anapovuna, nasi hutafuta mtu wa kwenda kukaa akilinde. Msimu huu viota vilituzidi, ikabidi tuombe wanachama kijiji cha jirani, wakaja. Mama mkwe bado anasema yeye si mwanachama. Jumamosi iliyopita alitangulia mbele yetu, akabishana na fundi cherehani hadi tukafika barabarani, akidai kwamba kuna korongo mmoja amehesabiwa mara mbili.