Umeokoka?

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaani wanamwita Redio. Tangu amalize darasa la uinjilisti kanisani, hakuna soli inayotoka mikononi mwake bila mahubiri. Mteja amekaa mguu peku, kiatu kimevalishwa kwenye chuma cha fundi, atakimbilia wapi? Mimi nimechoka, jamani. Chai inapoa, mwenzangu bado yuko kwenye "kuhesabiwa haki".

Basi mdogo wangu, fundi rangi, akaanguka kutoka kwenye jukwaa la mbao akavunjika paja. Asubuhi ya kupasuliwa alinishika kanga.

"Dada, naogopa. Nikifia humo ndani, Mungu atanipokea kweli? Niitie shemeji. Si ndiye anayejua mambo haya?"

Nikamleta Redio. Akasimama kando ya kitanda, akakohoa, akaweka sauti ya mimbarini.

"Shemeji, umeokoka?"

"Nimeokoka, shemeji, si unaniona? Wenzangu walidhani nimekufa. Bila ule mchanga wa ujenzi niliouangukia, ningekuwa marehemu."

"Haleluya!"

Wodi nzima ikageuka. Redio akashukuru kwa sala ndefu, akampongeza mgonjwa, akatoka kifua mbele. Mdogo wangu akanigeukia.

"Dada, anashangilia nini? Mbona hajanijibu?"

Nilimkuta Redio mlangoni, anamsimulia mlinzi jinsi shemeji yake alivyookoka. Nikamvuta shati.

"We baba, yule anazungumzia jukwaa! Kakwambia hakufa, wewe unapiga haleluya. Rudi ukamwambie habari njema. Ila neema, upatanisho na hiyo kuhesabiwa haki yako, viache hapa kwa mlinzi. Sema kama unavyomwonyesha mteja kiatu kimeharibika wapi."

Akafungua kinywa. Akakifunga. Mtu anayeongea hata usingizini, leo eti kakosa la kusema! Nilitamani kulia kwa hasira, maana nesi alishakuja na kitanda cha magurudumu.

"Kumbe hujui," nikamwambia. "Umekariri tu."

Hilo lilimchoma. Alirudi wodini polepole, akachuchumaa uso kwa uso na mgonjwa, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwake.

"Shemeji, sikukuelewa. Makosa yetu yanatutenga na Mungu, mimi na wewe, na hatuwezi kuyafuta wenyewe. Yesu akayabeba, akafa kwa ajili yetu, akafufuka. Ukitubu na kumwamini, anakupokea. Hakufukuzi."

"Sijapata hata nafasi ya kujirekebisha."

"Hasubiri ujirekebishe kwanza. Mwambie tu, hapo hapo ulipolala."

Mdogo wangu akafumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Nesi akamwacha amalize, kisha akaanza kumsukuma. Mgonjwa akaung'ang'ania mkono wa mume wangu, machozi yanamtiririka hadi masikioni.

"Kumbe ndiyo hivyo? Sasa shemeji, siku zote zile ulikuwa unapiga kelele za nini?"