Daktari wa Samaki wa Bwawa la Mwisho

Saa moja kasoro robo asubuhi, mitambo ya kutia vitambaa rangi haijaanza kunguruma, na mfanyakazi mmoja wa kiwanda tayari amechutama ukingoni mwa bwawa la mwisho, suruali imekunjwa hadi magotini. Anarusha pumba kidogo, anasubiri. Midomo inaibuka. Anahesabu kwa kidole.

"Kumi na wawili, wote wazima," anasema, uso umekunjuka. "Haya, sasa chai itapita."

Wenzake humwita Daktari wa Samaki. Wagonjwa wake ni perege wanaoishi katika maji yaliyotumika kiwandani, baada ya kuchujwa. Wakiwa wazima, anafungua lango na maji yanateremka mtoni. Akifa hata mmoja, lango halifunguliwi, na hapo hata meneja hana la kusema.

Hadi miaka miwili iliyopita alikuwa mfagiaji tu. Mto nao ulibadilika rangi kufuata oda za wateja, leo bluu, kesho nyekundu. Dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa na bustani ya mchicha huko chini, kando ya mto. Mboga zikanyauka, wanunuzi wakamkimbia, naye akaitelekeza bustani iliyosomesha watoto wake watatu.

"Akaniambia, 'Mdogo wangu, hao wanaokulisha ndio wamenimaliza mimi.' Tukawa tunaonana misibani tu," anasema. "Iliniuma, jamani. Lakini nami nina watoto. Ningeacha kazi niende wapi?"

Hatimaye kiwanda kikachimba mabwawa ya kusafishia maji. Wageni wakaalikwa kwenye uzinduzi, turubai likafungwa, na kwenye bwawa la mwisho wakatiwa samaki ili kila mtu ajionee kwamba maji ni safi. Mfagiaji akachungulia. Kambare watupu!

"Nilicheka peke yangu. Kambare huyu huyu? Hata kwenye tope linalonuka anaishi, tena ananenepa!"

Zikiwa zimebaki siku tano kabla ya uzinduzi, alibisha hodi ofisini kwa meneja, ufagio ungali mkononi. Akamwambia atie perege, maana hao hawavumilii maji machafu.

"Nilijua leo namwaga unga, kazi ndiyo basi."

Alasiri hiyo meneja aliagiza perege kumi na wawili. Kufikia siku ya tatu, tisa walikuwa wanaelea matumbo juu.

Turubai likafunguliwa, wageni wakaambiwa wasije. Kwa miezi mitano kiwanda kilifanya kazi nusu siku huku mabwawa yakijengwa upya.

"Nisiseme uongo, nilitamani angenyamaza," anakiri meneja. "Tulipomaliza, nikampa yeye ufunguo wa lango."

"Namshukuru Mungu, namshukuru na bosi," anasema Daktari. "Angenifukuza, nani angejua?"

Kazi ilibaki kwa dada. Alimwita mara tatu, hakuja. Mara ya nne akaja, akawakodolea macho wale samaki, akaguna.

"Hawa mnawabadilisha kila wakifa. Mimi si mtoto."

"Basi chagua mmoja, umjue kwa sura," mdogo wake akamjibu.

Akachagua mwenye mkia uliochanika. Kila Jumamosi akawa anakuja kumtafuta, na kila Jumamosi alimkuta. Wiki ya nane hakuja. Mdogo wake akaingiwa na hofu, akateremka mtoni, akamkuta ameinama na jembe katika bustani yake ya zamani.

Mwezi uliopita dada alileta sahani ya mchicha mpaka getini. "Kula wewe kwanza," akamwambia. "Ukidondoka, nitajua."

"Nilikula huku machozi yananitoka," anasema. "Miaka minne sijaonja chakula cha mkono wake! Nilikomba sahani mpaka akanicheka."

Sasa anataka kantini ya kiwanda inunue mboga kwa dada yake. Meneja amekubali. Dada naye ana sharti moja: siku ya kwanza atapakua mwenyewe, na sahani ya kwanza aile meneja, mbele ya wafanyakazi wote.

"Na ya pili?" namuuliza.

"Ya pili ni yangu," anasema, akiinuka kwenda kufungua lango. "Dada ameshaniambia, safari hii atakaa na kula nami."