Fimbo ya Kupiga Maji

Mhariri ananisumbua nisimulie uzuri wa lile jumba la tajiri wa pamba, lililo juu ya mawe hapa Mwanza, enzi za Mwingereza. Si awaulize waliolala humo? Mimi nililijua kwa utosi, maana maji yote waliyoogea tuliyapandisha sisi wanawake kichwani, debe baada ya debe, kutoka ziwani.

Tulipoteka, mmoja wetu alisimama mbele akipiga maji kwa fimbo ndefu ili mamba wasisogee. Siku moja jumba lilijaa wageni wakubwa. Mnyapara akamwona yule wa fimbo.

"Wenzako wanafanya kazi, wewe unacheza na maji? Beba debe!"

"Na mamba, baba?"

"Mamba anakula debe?"

Akamnyang'anya fimbo, akaitupa majanini. Tukainama kuteka huku tukitazamana. Ghafla maji yakapasuka, mwenzetu akavutwa kwa kaniki aliyojifunga. Tukamng'ang'ania mikono mpaka kaniki ikachanika. Mamba akaondoka nayo, mwenzetu akabaki nasi, mguu unachuruzika damu.

Tukaketi juu ya mawe. Kule jumbani tangi lilikuwa tupu na wageni walishavua nguo.

"Mama zangu, nitafukuzwa!" mnyapara akalia.

Mmoja wetu akaiokota fimbo, akamkabidhi. "Haya baba, kacheze na maji."

Akaingia ziwani na viatu vyake, akapiga maji. Tangu siku ile, hakuna mwanamke aliyeshika debe kabla yeye hajatangulia majini.