Nilivyonokisha injini ya ndege yangu nikisalimia wazee saba

Wakuu, habari za muda huu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje. Mnaotaka kucheka chekeni tu, mke wangu ameshawatangulia.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Kilosa mjini. Huu mwaka wa tatu naunda ndege ya mtu mmoja nyuma ya nyumba.

Injini niliipata Mikumi kwa muuza skrepa. Imetoka kwenye gari dogo la zamani, zile zisizo na rejeta, zinapozwa na upepo tu.

Kabla hamjaniitia polisi: sijaruka na sina kibali cha kuruka. Nilitaka kwanza ikimbie chini.

Shida ilikuwa joto. Dakika tano tu, geji iko kwenye nyekundu. Nikatoboa boneti kwa mbele, matundu mawili. Wapi! Nikayapanua yakawa kama sahani. Bado.

Mke wangu Zuhura alikuja kuanua nguo, akaangalia, akauliza, "Sasa huo upepo ukishaingia unatokea wapi?"

Nikainama kuchungulia chini ya injini. Nilikuwa nimeziba chini kote ili ipendeze. Nikakata tundu kubwa kwa chini, geji ikatulia. Hapo kichwa kikanivimba, nikajiona engineer.

Sasa nilihitaji sehemu ya kuikimbizia. Uwanda mzuri uko upande wa Kisanga, ila ni malisho ya wafugaji. Mzee Lemayani, mkubwa wao, akasema watakuja wazee saba waisikie kwanza. Ikitisha ng'ombe, hakuna uwanja. Sehemu nyingine tambarare sina, kwa hiyo wakikataa, miaka yangu mitatu inageuka banda la kuku.

Siku ikafika, nikaivuta kwa pikapu hadi pale. Nikawaona wazee wanakuja kwa mbali. Pangaboi la puani linatupa vumbi nyuma, na mimi nimelelewa, siwezi kuwageuzia wazee mkia niwamwagie vumbi usoni. Nikaielekeza pua kwao.

Upepo nao ulikuwa unatokea nyuma ya ndege. Ndege ikiwa imesimama inawaka, pua inatakiwa iutazame upepo ili injini ipoe. Hilo nilisoma tangu mwaka wa kwanza!

Na kwa vile injini hii huwa inagoma, nikaiwasha mapema nisije nikaaibika. Nikaweka mawe kwenye matairi, nikawafuata wageni.

Shikamoo. Marahaba. Habari za nyumbani, watoto, mvua, mahindi. Mara saba, wakuu. Mzee wa nne alitaka kujua mguu wa baba yangu unaendeleaje. Nyuma yangu nasikia harufu ya oili inaungua.

Unamkatishaje mzee? Utamwambia samahani, silinda zinaiva?

Mzee wa sita ndo kanishika mkono, injini ikakwaruza mara moja, pangaboi likasimama pale pale. Moshi ukatoka kila tundu.

Nikamalizia shikamoo ya saba. Niliumia sana, machozi yalikuwa karibu.

Wazee wakateta kwa Kimasai. Mzee Lemayani akaizunguka ndege, akagonga bawa.

"Imekufa?"

"Imenoki, mzee. Pistoni zimekwama."

"Basi uwanja tumekupa."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Lakini mzee, hamjaiona hata ikikimbia."

"Tulikuja kuangalia kama itafukuza ng'ombe," akasema. "Hii hata ndama ataizoea."

Wote saba wakacheka. Nikacheka nao, ningefanyaje?

Nilichojifunza: hewa inayoingia itafutie pa kutokea, pua ielekee upepo, na ukiona wazee wanakuja, zima injini kwanza ndipo usalimie.

Wataalamu karibuni, hata matusi napokea. Mwenye kujua pistoni zilizokwama zinatolewaje bila kupasua silinda, aweke hapa.

Uwanja ninao. Injini sina.