Orodha ya Mablanketi ya Izigo

Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi inimeze.

Miaka ile ya ukimwi nilikuwa karani wa shirika la misaada Bukoba. Kwenye kompyuta ya ofisi nilikuwa nimeandika programu ya kubuni wahusika ovyo ovyo, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza hadithi niliouongoza na wenzangu mtaani Kashai. Nikachapa karatasi mbili, ya wapokea mablanketi na ya wahusika wa mchezo, nikampa bosi isiyo yake.

Kule kijijini Izigo, mbele ya wajane na wazee waliosubiri mablanketi, bosi akasoma kama anasoma Injili: “Rwegasira, mwizi wa taji!”

Mzee mmoja akasimama. “Rwegasira ni mimi, lakini taji sijaiba.”

Watu wakaangua kicheko. Bosi akakimbilia mstari wa mwisho, nilipojiandika mwenyewe kama kiongozi wa mchezo: “Mtawala wa ulimwengu wote: Projesti, karani.”

Macho yote kwangu. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba, akanyoosha mikono, akaniita kwa heshima ya Kihaya. “Waitu Mtawala, tupe basi mablanketi yetu.”